Jiwe la Harris: Nani alilisimika, na lilikuwa likitazama nini?

Na Mwandishi Wetu

KATIKA pwani ya magharibi ya Harris, kisiwa kilicho pembezoni kabisa mwa Uskoti, limesimama jiwe moja peke yake juu ya kilima cha nyasi. Chini yake, kwa pande mbili, kuna fukwe za mchanga mweupe. Mbele yake, ng'ambo ya mkondo wa bahari, kinaonekana kisiwa kidogo cha Taransay, ambacho hakina tena wakazi wa kudumu.

Jiwe hilo lina urefu wa zaidi ya mita 3 kutoka ardhini. Ni bapa: ukilitazama kwa upande mmoja ni pana kama mlango, lakini ukilizunguka kidogo linageuka jembamba kama nguzo. Wenyeji huliita kwa lugha yao ya Kigaeli Clach Mhic Leòid, yaani Jiwe la MacLeod.

Hakuna maandishi juu yake. Hakuna anayejua jina la aliyelisimika wala lugha aliyoizungumza. Hata hivyo, si kweli kwamba hakuna linaloweza kusemwa juu yake, na si kweli pia kwamba kila linalosemwa lina uzito sawa. Makala haya yanajaribu kutenganisha mambo hayo mawili.

Majina ya kuazima

Tuanze na jina, kwa kuwa ndilo la kwanza kumpotosha mgeni. Ukoo wa MacLeod, ambao ulitawala Harris kwa karne nyingi, unahesabu asili yake kwa mtu aitwaye Leod, aliyeishi katika karne ya 13. Jiwe linakadiriwa kuwa na umri wa karibu miaka 5,000. Kwa hiyo watemi hao walilikuta jiwe likiwa limekwisha kuzeeka, wakalipa jina lao, kama mpangaji abandikaye jina lake mlangoni mwa nyumba asiyoijenga.

Majina ya vijiji jirani nayo yanasimulia habari ya aina hiyo. Nisabost, Horgabost na Seilebost yana kiishio kimoja, ambacho asili yake ni neno la Wanorwe wa kale lenye maana ya shamba au makazi. Mabaharia hao walifika visiwani humo kuanzia mwishoni mwa karne ya 8 na wakatawala kwa miaka mingi. Baadaye Kigaeli kikatamalaki. Sasa Kiingereza kinakisukuma Kigaeli.

Lugha zote hizo tatu zimepita mbele ya jiwe. Waliolisimika walikuwa wamekwisha kuondoka muda mrefu kabla ya neno la kwanza la yoyote kati ya hizo kusikika hapo.

Namna ya kuujua umri

Msomaji anaweza kujiuliza: umri wa jiwe unapimwaje? Jibu ni kwamba jiwe lenyewe halisaidii. Miamba ya Harris ni ya aina iitwayo naisi, na ni miongoni mwa miamba mikongwe kuliko yote barani Ulaya; baadhi yake ilifanyika yapata miaka bilioni 3 iliyopita. Huo ni umri wa mwamba, si umri wa kazi ya binadamu.

Kazi ya binadamu hupimwa kwa kile kilichobaki chini ya jiwe. Ili kulisimika, watu walichimba shimo, wakaliburuta jiwe kwa kamba na magogo, wakaliinua kidogo kidogo huku wakishindilia mawe madogo mguuni pake. Mkaa, mifupa au mbegu zikianguka katika shimo hilo na kufukiwa, wataalamu wa karne hii wanaweza kuzipima kwa njia ya kaboni na kupata tarehe.

Hivyo ndivyo ilivyofanyika Callanish, mahali penye mawe mashuhuri zaidi katika eneo hilo. Callanish ipo upande wa kaskazini, katika sehemu iitwayo Lewis. Ingawa majina ni mawili, Lewis na Harris ni kisiwa kimoja kilichogawanywa na milima. Kuna duara la mawe 13 lenye nguzo ya kati ya urefu wa karibu mita 4.8, na safu za mawe zinazotawanyika kutoka kwenye duara hilo mithili ya mikono ya msalaba.

Kwa maelfu ya miaka udongo wa mboji uliyameza mawe hayo hadi nusu. Mwaka 1857 mmiliki wa ardhi hiyo, Sir James Matheson, aliamuru udongo uondolewe, na kina cha takriban mita 1.5 kikafukuliwa. Wanaakiolojia walichimba mwaka 1980 na 1981 chini ya uongozi wa Patrick Ashmore, na tarehe walizozipata zikaonyesha kwamba duara lilijengwa katika karne za mwanzo za milenia ya tatu kabla ya Kristo.

Jiwe la MacLeod linawekwa katika zama hizo kwa kulinganishwa na ndugu zake. Nalo halikuwa katika nchi tupu. Katika kijiji cha Horgabost, mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapo, kuna mabaki ya kaburi kubwa la mawe la wakulima wa kwanza. Kusini zaidi, huko Northton, uchimbaji umefichua makazi ya wakulima hao, na chini ya makazi hayo dalili za wawindaji na wavuvi waliopiga kambi yapata miaka 9,000 iliyopita.

Kuna jambo moja ambalo picha za watalii hulificha. Tunasema jiwe lipo kando ya ufuo kwa sababu ndivyo tunavyoliona leo. Lakini bahari kuzunguka visiwa hivyo imekuwa ikipanda tangu enzi hizo, na mchanga umekuwa ukisukumwa nchi kavu. Jiwe liliposimikwa, mawimbi yalikuwa mbali zaidi, na mahali penye maji ya chumvi huenda palikuwa malisho. Anayedai kwamba jiwe lilikuwa alama ya kupaki mashua ajiulize kwanza mashua hizo zingefikaje.

Mhandisi na machweo

Maelezo yanayojulikana zaidi kuhusu kazi ya jiwe hili yanatokana na mhandisi, si mwanaakiolojia. Alexander Thom alizaliwa mwaka 1894 na alikuwa profesa wa sayansi ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha Oxford hadi mwaka 1961. Wakati wa likizo alisafiri kwa mashua yake katika visiwa vya Uskoti, na mwaka 1933 alitia nanga karibu na Callanish. Usiku huo aliyaona mawe katika mwanga wa mwezi, na kuanzia hapo hakuacha kuyapima.

Alipima mamia ya mahali. Katika kitabu chake cha mwaka 1967 alidai kwamba wajenzi walitumia kipimo kimoja cha urefu, chenye takriban sentimita 83, na kwamba mawe mengi yalikuwa vyombo vya kufuatilia jua, mwezi na nyota.

Kuhusu Jiwe la MacLeod, Thom alitazama upande wake ulio bapa na kuufuata mstari wake kuelekea magharibi, juu ya bahari tupu. Mwisho wa mstari huo, umbali wa karibu kilomita 90, vipo visiwa vya St Kilda. Jua huzama upande huo katika siku mbili za mwaka ambazo usiku na mchana hulingana, mwezi Machi na mwezi Septemba. Kwake, jiwe na visiwa vile vilikuwa kama alama mbili za shabaha ya bunduki.

Ni wazo zuri, na mwandishi wa makala haya anakiri kwamba alipolisoma mara ya kwanza aliliamini papo hapo. Visiwa hivyo ni majabali marefu. Kilele kimoja kina mita 430 na kingine, cha Boreray, mita 384. Hata hivyo, kwa sababu ya mviringo wa dunia, kutoka Harris huonekana kwa shida sana, kama vidoa juu ya upeo wa macho, na kwa siku ya hewa safi tu. Kuliona jua likitua nyuma ya kidoa hicho ni tukio ambalo mtu hawezi kulisahau.

Tatizo lipo katika hesabu.

Jua lina mistari 3 mikuu ya kuangaliwa: ule wa siku ndefu kuliko zote, ule wa siku fupi kuliko zote, na ule wa katikati yake. Mwezi una mistari 4 zaidi, kwa kuwa mahali unapochomoza na kutua hupanuka na kusinyaa katika mzunguko wa miaka 18.6. Jumla ni mistari 7. Kila mstari ukipewa nafasi ya kukosea ya nyuzi 2 kila upande, jumla inakuwa nyuzi 28 kati ya 180. Jiwe bapa nalo lina mielekeo 2, ule wa uso wake mpana na ule wa ubavu wake mwembamba.

Ukilitupa jiwe la namna hiyo chini bila kukusudia lolote, lina nafasi ya karibu 3 katika 10 ya kulenga kitu fulani cha angani. Ukiongeza nyota, nafasi inazidi. Maana yake ni kwamba katika kisiwa chenye mawe mengi yaliyosimikwa, lazima baadhi yaonekane kama vyombo vya elimu ya anga hata kama wajenzi hawakuwa na habari.

Mtaalamu Clive Ruggles alilifanyia kazi jambo hilo kwa kupima upya mamia ya mahali katika magharibi ya Uskoti, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1984. Hakukuta ushahidi wa usahihi mkubwa aliouona Thom. Alichokikuta ni mielekeo ya jumla, hasa kuhusu mwezi, katika baadhi ya makundi ya mawe.

Mwaka 1997 Ruggles alihoji pia ile dhana ya siku ya mlingano. Siku ndefu na siku fupi huonekana kwa macho, alisema, kwa sababu jua hufika mwisho wa safari yake kwenye upeo, likasimama, kisha likarudi. Siku ya katikati haina dalili hiyo. Jua hupita tu kwa kasi. Anayeitafuta ni mtu aliyekwisha kuwa na kalenda au vipimo vya kugawanya. Je, wakulima wa Harris walikuwa hivyo, au ni sisi tunaowavika kofia yetu?

Haifai kuhitimisha kwamba elimu ya anga ni uzushi mtupu. Pale Callanish, katika miaka ambayo mzunguko wa mwezi hufikia kilele chake, mwezi hutembea chini kabisa juu ya vilima vya kusini kabla ya kutua. Ilitokea hivyo mwaka 2006, na tena mwaka 2024 na 2025. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Adelaide, Australia, walichapisha uchambuzi wa takwimu unaosema mielekeo ya Callanish na ya duara la Stenness, katika visiwa vya Orkney, si ya bahati. Lakini hayo ni makundi ya mawe. Jiwe moja lililo peke yake, kwa kipimo hicho, haliwezi kuthibitisha wala kukanusha.

Kesi kama hiyo Turkana

Mabishano haya yamewahi kutokea pia Afrika Mashariki. Kando ya barabara iendayo Kalokol, magharibi ya Ziwa Turkana nchini Kenya, zipo nguzo 19 za mwamba wa basalti zilizosimikwa ardhini. Mwaka 1978, wakati nadharia za Thom zikiwa bado na moto, watafiti B. M. Lynch na L. H. Robbins waliandika katika jarida la Science kwamba nguzo hizo zilielekezwa kwenye nyota zinazotumika katika kalenda ya Waborana, na kwamba zilisimikwa yapata mwaka 300 kabla ya Kristo.

Robert Soper alizipima tena na mwaka 1982 akatilia shaka. Basalti ina sumaku, na dira ikiwekwa karibu nayo huweza kudanganya. Wengine wakamjibu, na mjadala ukaendelea.

Kilichobadilisha sura ya jambo hilo ni uchimbaji, kama ilivyokuwa Callanish. Utafiti wa Elisabeth Hildebrand na wenzake katika mahali penye nguzo kuzunguka ziwa hilo ulionyesha kwamba zina umri wa kati ya miaka 5,000 na 4,000. Mwaka 2018 walitangaza matokeo ya Lothagam Kaskazini: makaburi ya pamoja yenye watu wanaokadiriwa kuwa 580 au zaidi, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto, wote wakiwa wamezikwa kwa heshima. Wajenzi walikuwa wafugaji wa kwanza wa eneo hilo, katika wakati ambapo mvua zilipungua na ziwa likarudi nyuma.

Kwa maneno mengine, wakati wakulima wa Harris wakiinua mawe yao, wafugaji wa Turkana walikuwa wakiinua ya kwao. Hakuna aliyefundishwa na mwenzake. Lakini waliokuja baadaye katika nchi zote mbili walifikia maelezo yanayofanana sana.  Ni Waturkana wanaosimulia kwamba nguzo zile ni watu waliokuwa wakicheza ngoma, wakamcheka pepo, wakageuzwa mawe. Na jina Namoratunga lina maana ya watu wa mawe. Huko Lewis, mawe ya Callanish huitwa kwa Kigaeli Fir Bhrèige, watu wa uongo, na husimuliwa kwamba ni majitu yaliyogeuzwa mawe kwa kukataa Ukristo.

Ardhi iliyo chini ya jiwe

Yote hayo yanaweza kuonekana kama mazungumzo ya wasomi. Kwa watu wa Harris, hata hivyo, swali la nani ana haki na mahali pale limewahi kuwa swali la chakula.

Upande wa magharibi wa kisiwa, lilipo jiwe, una ardhi laini yenye rutuba, iliyochanganyika na mchanga wa makombe. Upande wa mashariki ni miamba mitupu. Katika karne ya 19 wamiliki wakubwa waliwaondoa wakulima wa magharibi ili kuweka kondoo. Kijiji cha Borve kiliondolewa watu mwaka 1839. Baadhi walivuka bahari kwenda Kanada. Wengine walisukumwa mashariki, wakalazimika kutengeneza matuta kwa udongo na mwani waliobeba mgongoni.

Udongo wa mashariki ulikuwa mwembamba kiasi kwamba haukutosha kuzika. Majeneza yalibebwa mabegani kupitia milimani hadi makaburi ya mchangani ya magharibi. Watu waliokatazwa kuishi katika ardhi ya babu zao walirudishwa humo wakiwa maiti.

Jiwe halikuguswa. Si mawe yote yaliyopata bahati hiyo. Huko Orkney, Jiwe la Odin lilikuwa na tundu ambalo wachumba walishikana mikono kupitia ndani yake ili kula kiapo. Desemba 1814 mkulima mpangaji, aliyechoshwa na wageni waliokanyaga shamba lake, alilivunja. Majirani walijaribu mara mbili kuchoma moto mali yake, lakini jiwe lilikuwa limekwisha kupotea. Sheria ya kwanza ya Uingereza ya kulinda kumbukumbu za kale ilikuja mwaka 1882, na Callanish ilikuwa katika orodha yake ya mwanzo.

Ukurasa mwingine ulifunguliwa mwaka 2010. Kwa kutumia sheria ya ardhi ya Uskoti, wakazi wa magharibi ya Harris, ambao idadi yao ilikuwa kidogo zaidi ya 100, waliunda taasisi yao na kuchukua mashamba makubwa matatu yaliyokuwa chini ya serikali. Lengo lao la kwanza halikuwa utalii bali kupata familia changa za kuishi hapo, kwa kuwa shule na lugha havidumu bila watoto.

Mwaka 2017 walifungua jengo la jumuiya huko Nisabost, Talla na Mara, lenye ukumbi, mgahawa na vyumba vya wasanii. Kutoka hapo mgeni anaweza kutembea hadi kwenye jiwe bila kulipa kiingilio. Kivuko kutoka kisiwa cha Skye hufika Tarbert, mji mkuu wa Harris, kwa muda wa chini ya saa mbili, na barabara moja inaelekea kusini kando ya fukwe.

Anayetaka kulijaribu wazo la Thom kwa macho yake afike kati ya tarehe 20 na 23 ya Machi au Septemba, asimame nyuma ya jiwe jioni, na aombe mawingu yasiwepo. Katika pwani hiyo ya Atlantiki, mawingu huwepo jioni nyingi kuliko yasipokuwepo.